Kumkabidhi Mgonjwa wa Rufaa kwa Usalama: Mawasiliano Kuanzia Zahanati Hadi Wodini

Mgonjwa wa rufaa katika Mkoa wa Tanga hupita mikononi mwa watu wengi kabla ya kufika kwenye kitanda cha mwisho. Tuseme mjamzito wa upande wa Mkwaja, kusini mwa mto Pangani, ameanguka kifafa cha mimba. Atahudumiwa na mkunga wa zahanati, atasindikizwa na muuguzi kwenye gari la wagonjwa, atapokewa na hospitali ya wilaya, na pengine safari yake itaishia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo. Kila mmoja wa wahudumu hao anaweza kuwa hodari wa kazi yake, na bado mama akadhurika kwa sababu taarifa moja haikuvuka kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine.

Dawa ya kuzuia degedege hilo ni magnesiamu salfeti, nayo ni mfano mzuri wa jambo ninalolieleza. Katika utaratibu mmoja unaotumika sana, dozi ya kwanza huwa gramu 14 kwa jumla, yaani gramu 4 kwenye mshipa na gramu 10 kwenye misuli ya makalio, kisha hufuata gramu 5 kila baada ya saa nne. Dawa ikizidi mwilini, upumuaji hupungua na unaweza kusimama kabisa. Ndiyo maana kabla ya kurudia dozi muuguzi huhesabu pumzi, ambazo zisipungue 16 kwa dakika, hupima mkojo na kuangalia mshtuko wa goti. Sasa fikiria simu yenye mtandao hafifu: mkunga anasema "kumi na nne", mpokeaji anasikia "nne", naye anaamini kwamba sindano za misuli bado hazijachomwa. Kinga yake haihitaji fedha wala mtambo. Mpokeaji anarudia alichosikia, "Umesema amepata gramu kumi na nne, nne mshipani na kumi kwenye misuli," na mtoaji anathibitisha au anasahihisha. Taarifa ambayo haijarudiwa namna hiyo ihesabiwe kuwa bado haijafika.

Saa nayo ina mtego wake. Mkunga akitaja dawa aliyoitoa saa nne na nusu asubuhi, faili linapaswa kusomeka 10:30. Mwenye haraka akiandika 4:30, atakayesoma faili saa sita mchana ataona kwamba muda wa dozi ya pili umepita zamani, ilhali zimebaki saa mbili na nusu kabla haujafika. Kwa maoni yangu, kila kituo kingekubaliana kuandika saa kwa namna moja tu, na kila anayeitaja kwa mdomo aongeze asubuhi, mchana au usiku.

Mpangilio wa taarifa yenyewe umekwisha kutafutiwa dawa. Nyambizi za nyuklia za Marekani zilitumia utaratibu wa sehemu nne ambao baadaye uliingia hospitalini: hali ilivyo sasa, historia fupi, tathmini ya mtoa taarifa, na ombi lake. Mkunga wetu angesema: "Daktari, nina mjamzito wa miaka 22 aliyeanguka kifafa mara moja asubuhi hii. Ni mimba ya kwanza, wiki 36. Presha ni 170 kwa 110, nadhani ni kifafa cha mimba, na nimeshampa dozi ya kwanza ya magnesiamu. Naomba gari sasa, na naomba thieta ijulishwe." Sehemu inayopotea mara nyingi ni ombi. Sisi watu wa Pwani tumelelewa kumpa mkubwa habari na kumwachia aamue, na tabia hiyo, nzuri barazani, humfanya mkunga asimulie kila kitu kisha anyamaze bila kutaja anachokihitaji.

Heshima hiyohiyo humfunga mdomo muuguzi kijana anapoona mkubwa wake anakosea. Mafunzo ya kazi ya timu yaitwayo TeamSTEPPS, yaliyotolewa Marekani mwaka 2006, yanamtaka mwenye hofu aiseme angalau mara mbili, kwa uthabiti unaoongezeka. Kwetu yanaweza kusemwa bila utovu wa adabu: "Samahani Daktari, nina wasiwasi, pumzi zake ni 12." Asipojibiwa: "Daktari, hili linahusu usalama wa mama, naomba tusimamishe dozi kwanza." Kazi kubwa hapa ni ya daktari na mganga mfawidhi, kwani muuguzi aliyekaripiwa mbele ya wagonjwa siku ya kwanza hatasema tena siku ya pili.

Wanaodhani kwamba haya ni mambo ya hospitali za Ulaya wakumbuke Ifakara, iliyokuwa miongoni mwa miji minane duniani ambako Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha ya usalama wa upasuaji, inayoitaka timu isimame na kusemezana kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kupasua na kabla ya mgonjwa kutoka thieta. Matokeo ya jumla ya miji hiyo, yaliyochapishwa mwaka 2009, yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Ndugu wa mgonjwa naye ni sehemu ya timu, tena mara nyingi ndiye pekee aliyekuwapo tangu mwanzo. Aliona mama alivyoanguka, anajua ilikuwa saa ngapi, na anajua kama alipewa dawa za mitishamba au alipitishwa kwa mganga wa kienyeji kwanza. Mhudumu anayeuliza hayo kwa kufoka hatapata jibu la kweli, kwa hiyo aulize kwa upole na pembeni. Nanyi mnaosindikiza, semeni yote hata kama hamkuulizwa, bebeni kadi ya kliniki na vifungashio vya dawa zote alizomeza, na mgonjwa anapohamishiwa kwa mhudumu mwingine mwulizeni ameambiwa nini na mwenzake, ili palipo na pengo mpajaze papo hapo.