Maji hufuata mkondo, na malori pia

Ujumbe wa wiki hii umetoka kwa dada mmoja wa London, na ningeweza kuukariri kabla sijaufungua: "Habari za siku kaka. Tunakuja Ufaransa watu sita na baiskeli zetu. Tutafutie njia tulivu za vijijini, ila milima isiwe mingi. Tumeangalia ramani, tukaona bora tufuate mto." Wa mwezi uliopita nao walitaka kufuata mto. Wa Pasaka vilevile. Yupo mmoja aliyekwisha kulipia hoteli tatu, zote kandokando ya mto, ndipo akanitafuta nimpangie njia ya kuziunganisha.

Kazi yangu ni kupanga njia za baiskeli na kuongoza wageni, zaidi upande wa Ardèche na Massif Central, milima ya kusini-kati ya Ufaransa. Naomba niliseme hili mara moja, siku nyingine niwe natuma kiungo tu: katika nchi ya milima, barabara ya bondeni ndiyo yenye magari. Utulivu uko juu.

Wala si fumbo. Mto umeshachonga njia yenye mwinuko mdogo kuliko zote. Mkokoteni wa ng'ombe uliufuata mto, reli ikaufuata, barabara kuu ikaufuata, mwisho otoruti, yaani barabara ya mwendo kasi. Itazame Rhône kati ya Valence na Montélimar: reli pande zote mbili za mto, otoruti A7, N7 (N ni barabara ya taifa) upande wa mashariki, D86 upande wa magharibi, na kinu cha nyuklia cha Cruas kimekaa papo hapo ukingoni. Vyote vimebanana katika bonde moja. Halafu unataka nikuchomeke hapo katikati, na tairi zako za milimita 28, kwa sababu ni tambarare! Panda kilomita sita tu kutoka D86 hiyohiyo uone barabara imebaki ya nani: gari la manjano la posta, trekta, na mbwa aliyelala kwenye lami bila wasiwasi wowote.

"Lakini kaka, D86 si ni D? D si barabara ndogo?"

Hapa ndipo damu yangu huchemka. Herufi D inakuambia jambo moja tu: anayeitunza barabara ni département, yaani kama mkoa, si serikali kuu. Basi. Kwa sheria ya 2004, iliyoanza kutekelezwa 2006, serikali ilikabidhi kwa départements kilomita zipatazo 18,000 za barabara za taifa. Vibao vikabadilishwa. Malori hayakubadilishwa. D86 ilikuwa N86. Kule Puy-de-Dôme, N89 imekuwa D2089. Kule Lot, N20 imekuwa D820. Mgeni anafika na ramani yake, anaona D yenye tarakimu nne, anasema lazima hii ni kichochoro, maana namba kubwa ni barabara ndogo. Dakika kumi baadaye lori la magogo limempita na upepo wake umemsukuma nusu mita kuelekea mtaroni.

Sasa msikimbilie upande wa pili mkasema kila D iliyowahi kuwa N ni ya kuogopwa. Nendeni Lozère na Aveyron muione D809, iliyokuwa N9, barabara ya wote waliokuwa wakiteremka kutoka Clermont-Ferrand kwenda baharini. Foleni za Millau za mwezi wa Agosti zilikuwa na sifa nchi nzima. Leo sehemu kubwa ya D809 ni pana, lami yake nzuri, na unaweza kusikia cheni yako mwenyewe. Kwa nini? Kwa sababu ya otoruti A75, ambayo ni bure mwanzo hadi mwisho, isipokuwa lile daraja la Millau lililofunguliwa Desemba 2004. Magari yote yamehamia huko. A7 ya Rhône, kinyume chake, ni ya kulipia, kwa hiyo wapo wanaobaki chini kwenye N7 na D86 wakiokoa euro zao. Tofauti ni tozo, na tozo haimo kwenye umbo la milima wala kwenye herufi ya kibao.

Kwa hiyo mimi siulizi namba ya barabara. Nauliza: nani anaihitaji barabara hii leo, na je, anayo nyingine ya haraka zaidi? Kama anayo, yangu ni tulivu. Kama hana, hata ikiwa nyembamba kama mkeka, nitamkuta hapo saa moja asubuhi akiwahi kazini.

Ramani ya Michelin inasaidia ukijua kuisoma. Nyekundu achana nayo, manjano fikiria, nyeupe ndiyo mali. Vimshale juu ya barabara ni mwinuko: kimoja ni asilimia 5 hadi 9, viwili 9 hadi 13, vitatu zaidi ya hapo. Ule mstari wa kijani pembeni ya barabara hauna maana ya utulivu, jamani! Maana yake ni mandhari nzuri, na mandhari nzuri huwaita watu. D290 juu ya magenge ya mto Ardèche ina kijani chake chote. Ipite mwezi wa Agosti, ukiwa umebanwa kati ya magari ya kulala, pikipiki na tela zilizobeba mitumbwi ya kukodi, kisha uje unieleze habari za kijani.

Ishara ninayoiamini kuliko ramani zote iko chini ya gurudumu. Angalia katikati ya lami. Kama kuna mstari wa majani mafupi yaliyoota kati ya njia mbili za matairi, umefika. Ukiona na utando wa kijani kwenye kona zenye kivuli, umefika sana, na sasa punguza kasi, maana huo utando ukilowa ni sabuni.

Turudi kwenye "milima isiwe mingi". Hapa sitaki kuwacheka, kwa sababu wanachokitaka kipo. Wanakitafuta tu mahali pasipo chake. Kinachomwua mwendesha baiskeli si kupanda. Ni kupanda, kushuka, na kupanda tena kile ulichokishusha. Mito ya Ardèche ya kaskazini, kama Doux na Eyrieux, inatoka magharibi ikishuka mashariki kuingia Rhône. Ukienda kaskazini kwa kusini unayakata mabonde yote, na kila bonde linakudai upya. Ukienda mashariki kwa magharibi juu ya mgongo ulio kati ya mto na mto, unalipa mara moja. Kupanda mita 600 asubuhi ukiwa na nguvu, halafu saa mbili za mawimbi madogo huku bonde liko kushoto na bonde jingine kulia, ni raha kuliko kupanda mita 150 mara sita. Kwa hiyo ndiyo, fuateni mto. Ila mkiwa mgongoni, si tumboni.

Gia: leteni nyepesi, meno 34 mbele na 34 nyuma, na msione haya. Hoja hii ilishachosha watu zamani. Vélocio, mwandishi wa habari za baiskeli wa Saint-Étienne, alihubiri gia nyingi tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, huku Tour de France ikigoma kuwaruhusu washindani kubadilisha gia kwa derela, kile kifaa kinachohamisha cheni, hadi 1937. Milima ilikuwa upande wa Vélocio.

Ipo kasoro moja kwenye kanuni yangu, na wasomaji watundu wameshaiona: reli iliyokufa. Treni haikupenda mwinuko, na ilipoondoka iliacha tambarare yake bila magari. Dolce Via kwenye bonde la Eyrieux ilikuwa reli nyembamba iliyofungwa 1968, na leo ni njia nzuri kweli ya baiskeli. Lakini sehemu kubwa ni changarawe iliyoshindiliwa, si lami, na Jumapili ya kiangazi utakuta watoto wenye magurudumu ya pembeni, mabibi na vijibwa vyao. Ni njia ya kwenda polepole. Ukija na tairi nyembamba na hamu ya kasi, utaichukia nayo itakuchukia.

Sasa niseme na yale yanayonisumbua mimi mwenyewe. Tulivu si sawa na salama. Sheria inamtaka dereva aache mita moja na nusu anapompita baiskeli nje ya mji. Kwenye barabara nyeupe yenye upana wa mita tatu, hesabu hiyo haiwezekani: inabidi asubiri, na wapo wasiosubiri. Mwenyeji aliyezoea kutokutana na mtu hukata kona akiwa katikati kabisa. Vuli huja wawindaji. Na kiangazi huja kokoto. Njia hizi hutengenezwa kwa kumwaga lami ya moto na kutupia kokoto juu, kisha magari ndiyo yanayotegemewa kuzishindilia. Kwenye barabara isiyo na magari, nani azishindilie? Nilishawahi kuteremka na wageni wanne kona ya kwanza, ya pili, na ya tatu tukakuta sentimita kadhaa za kokoto mpya. Mmoja alilala chini polepole kama ngamia. Kiwiko kilichubuka, na kosa lilikuwa langu, kwa kuwa kibao nilikiona.

Hata idadi ya mita za kupanda siwezi kuiapia. Programu mbili ziliwahi kunipa njia ileile mita 1,400 na mita 1,650. Wageni huwa nawapa ile kubwa.

Basi dada yangu wa London, jibu lako hili hapa. Hoteli yenu ya Tournon, ukingoni mwa Rhône, baki nayo, ni pazuri kulala. Asubuhi tunaupa Rhône mgongo, tunapanda hadi Saint-Félicien, tunapita Pailharès, kisha Col du Buisson, mita 920, halafu tunateremka Lamastre kula. Msije wikendi ile ya Juni ya Ardéchoise, tamasha kubwa la baiskeli, maana siku hiyo maelfu ya baiskeli huipita barabara hiyohiyo. Jumanne ya mwezi Mei ingenifaa. Mikate tununue kabla ya saa sita mchana, kwa sababu baada ya hapo duka hufungwa na hakuna wa kumbembeleza. Maji tutajaza kwenye bomba la makaburini, kama wafanyavyo wenyeji, baada ya kusoma kibao kama yanafaa kunywewa. Na yule mwenzako aliyeuliza kama kuna njia ya mkato kando ya mto: ipo, mpe namba ya kituo cha basi.