Jaribio la kuangusha kontena la nyuklia, maana yake nini hasa

Mtu akisikia mzigo wa nyuklia unapita kwa treni au lori, kitu cha kwanza anauliza ni je, likipata ajali? Swali la haki kabisa hilo, na wahandisi wanalijibu kwa jaribio la mgongano, yaani wanachukua kontena lenyewe au mfano wake wanalibamiza makusudi, halafu wanapima kama kilichomo ndani kimebaki ndani. Kubonyea sio kufeli. Kuchubuka sio kufeli. Kinachotafutwa ni kuvuja, na ulinzi dhidi ya mionzi usipungue kupita kiwango, ndo maana macho yote yapo kwenye mfuniko, bolti zake na sili, yaani kile kiziba cha kuzuia kuvuja.

Kwa kanuni za shirika la atomiki duniani, IAEA, kontena la aina B (ndilo linabeba vitu vikali kama mafuta ya nyuklia yaliyokwishatumika, na hata kobalti 60 ya mashine za kutibu kansa husafirishwa kwenye makasha ya aina hii) linaangushwa kutoka mita 9. Hapo ndo watu wanadharau, wanasema mita 9 si kama ghorofa tatu tu, mwendo wake ukifika chini ni kama kilomita 48 kwa saa, mbona lori linakimbia kuliko hivyo?

Ila angalia linaangukia wapi. Simu ikidondoka kitandani unaiokota unaendelea, ikidondoka kwenye tailizi kioo kimekwenda, na urefu ni ule ule. Godoro limebonyea likabeba sehemu ya kishindo, tailizi imekataa, basi kishindo chote kimerudi kwenye simu. Sasa sakafu ya jaribio hili ni bamba nene la chuma juu ya zege zito sana, imetengenezwa makusudi isibonyee hata kidogo, kwa hiyo kontena halina wa kumgawia kishindo, linakibeba lote peke yake. Ndo maana mengi yanavalishwa bampa kubwa huku na huku, ndani yake mara nyingi kuna mbao laini, ili zipondeke zenyewe mwili upone.

Na haiishii hapo, linaangushwa tena mita 1 juu ya nondo nene ya chuma iliyosimama wima, kuona kama litatoboka, kisha lile lile lililokwishaumia linaingizwa kwenye moto wa nyuzi 800 kwa nusu saa. Mpangilio huu mi naukubali sana, maana ajali ya kweli nayo ni hivyo, unagonga kwanza halafu ndo unawaka.

Waingereza wao waliamua wananchi waone kwa macho. Tarehe 17 Julai 1984, pale Old Dalby, kwenye reli yao ya majaribio, kontena la tani karibu 48 lililazwa relini, likajazwa presha ya psi 100 hivi, kama upepo wa tairi la semi trela, halafu wakaachia treni isiyo na dereva, kichwa na mabehewa matatu, likaja kwa kilomita 160 kwa saa. Kichwa kikaharibika kabisa. Walipopima kontena, presha iliyopungua ilikuwa psi 0.26 tu.

Watu wengi wanaikumbuka video ya mgongano huo, moto na vumbi, wakidhani ndo mtihani mgumu kuliko yote, lakini kwa kontena lenyewe ile sakafu ya mita 9 ni kali zaidi. Treni ina mabati, fremu na injini, vyote vilikunjamana vikala kishindo kingi, na kontena lenyewe lilisukumwa likasogea na treni. Bamba la chuma halikunjamani wala halisogei.