Kabla Hujamchora Mkimbizi, Mtazame

Mpe penseli mtu asiyejua kuchora, umwambie achore uso wa mwenzake. Mara nyingi macho atayaweka juu mno, karibu na paji la uso. Pima kichwa toka utosini hadi kidevuni: macho yako takriban katikati. Mkono umefuata mazoea ya akili, jicho halikushirikishwa.

Ndiyo maana tunaofundisha sanaa hapa Nakuru tunazihimiza shule na vikundi vya vijana kuwachora wakimbizi, kwa ridhaa yao. Si wote wanaoishi katika kambi za Kakuma na Dadaab. Wapo Nairobi, Mombasa na mitaani mwetu humu. Lakini wengi wetu tunamjua mkimbizi wa kwenye habari: hema, foleni ya maji, mama aliyeinamisha kichwa. Keti naye saa nzima na uone unachokichora. Huenda umemtia huzuni usoni, kumbe mwenyewe amechoka tu kukaa kitako. Linganisha kila mstari na uso ulio mbele yako, ujiulize: hiki nimekiona, au nimekuja nacho?

Muulize kwanza anataka kuonekana vipi. Fundi cherehani huenda akataka futi yake shingoni. Huo ni uamuzi wake, na mpiga picha wa kambini hampi nafasi hiyo kila mara. Wengine wamekimbia watu ambao bado wanawasaka. Hao wachore mikono au mgongo, na mchoro usiwekwe mtandaoni kamwe.

Nakuru ina sababu yake ya kulichukua zoezi hili kwa uzito. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya Wakenya 600,000 walifurushwa makwao. Uwanja wa maonyesho wa mji huu ukajaa mahema, na maelfu wengine wakavuka mpaka hadi Uganda, wakapokewa kama wakimbizi. Waliopitia hayo tungali nao. Waalikeni darasani, wachorane na wakimbizi. Watauliza maswali ambayo sisi wengine hatungeyafikiria.

Kisha mbadilishane zamu. Mkimbizi ashike penseli, nawe ukae utazamwe kwa muda uleule, bila kujieleza. Wanafunzi wengi huona hapo ndipo penye ugumu, nami nasisitiza sehemu hii isirukwe hata kengele ikikaribia. Kila mmoja aondoke na picha yake mwenyewe. Ya kutundikwa ukutani iombwe kwake.