Kiashiria tangulizi cha uchumi: tukiamini kwa kiasi gani?

Mashua za mawe huvuka kutoka Maweni, kisiwani Manda, hadi ufuoni Shela, kisiwani Lamu. Hapo punda hupakiwa yale mawe ya matumbawe na kuyapandisha vichochoroni hadi kwenye majengo. Mashua zikipungua leo, fundi wa uashi bado ana kazi, maana nyumba aliyoianza haijaisha. Mwenye duka la saruji na misumari ndiye anayeanza kuhesabu miezi.

Idadi ya mashua hizo ni kiashiria tangulizi, yaani kipimo kinachogeuka kabla uchumi wenyewe haujageuka. Ajira ya fundi hufuata nyuma. Marekani nayo huhesabu vibali vya kujenga nyumba kwa sababu hiyo hiyo.

Kukiamini ni jambo jingine. Wengi huuliza kama kiliwahi kubashiri mdororo, yaani uchumi kusinyaa kwa miezi kadhaa. Mimi naona swali zito zaidi ni hili: mara ngapi kilitangaza mdororo usiokuja? Mawe hupungua pia upepo wa kusi ukichafua bahari, masika yakishika, au Ramadhani ikiingia. Anayelinganisha mashua za Mei na za Februari atajitia hofu bure. Mei ilinganishwe na Mei ya mwaka jana, na Ramadhani itafutwe ilikoangukia, kwa kuwa huhama kila mwaka.

Mfano unaotajwa sana ni riba ya hati fungani za serikali ya Marekani, yaani hati za mkopo ambao serikali hukopa kwa wawekezaji. Kwa kawaida za miaka 10 hulipa zaidi ya za miaka 2. Hali ikipinduka, watu hungoja mdororo. Ilipinduka 2006, na mdororo ukaanza Desemba 2007. Ikapinduka tena Julai 2022 na kukaa hivyo hadi 2024, bila mdororo kutangazwa muda huo wote. Tena, tangu 1960 hadi 2020 nchi hiyo ilipata midororo 9 tu. Mitihani tisa ni michache mno kwa kipimo kujivunia.

Halafu kuna takwimu zinazorekebishwa baadaye. Kiashiria kipimwe kwa namba zilizokuwepo siku ile, si kwa zile zilizosafishwa mwaka mmoja baadaye, la sivyo kitaonekana hodari kuliko kilivyo.

Kwa hiyo wiki moja ya mashua chache haimfanyi mwenye duka aache kuagiza saruji. Huuliza kwanza nyumba za wageni zimepokea oda ngapi za Desemba, na wateja wake wanalipa madeni au wanaomba muda. Yote matatu yakielekea chini kwa miezi miwili mitatu, hapo hupunguza mzigo.