Dokta, paka wangu sijui ana nini

Meseji ya namna hii inaniingia karibu kila wiki, na mara nyingi ni saa tano usiku, mtu ameshazima taa ndo anakumbuka. "Dokta samahani kwa usumbufu, paka wangu sijui ana nini, hali vizuri, kajikunja tu chini ya kabati." Nauliza tangu lini. "Tangu leo." Nauliza mara ya mwisho umemuona anakojoa lini. Kimya. Naona anaandika, anaacha, anaandika tena, alafu inakuja: "Mmh dokta, kwani paka huwa anakojoa saa ngapi?"

Sicheki, maana yameshanikuta na mimi, nitafika huko. Mi ni daktari wa mifugo hapa Dar, nilisoma Morogoro pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, muda mwingi ulikuwa ng'ombe na kuku, paka nimemjua zaidi mezani kuliko darasani. Na kitu cha kwanza nilichojifunza ni kwamba paka haanzi kuumwa ghafla, wewe ndo umeona ghafla. Huyu ni mwindaji mdogo ambaye na yeye anawindwa, akionyesha unyonge ameliwa, kwa hiyo anaficha. Mbwa akiumwa tumbo atakuja kukulalia miguuni akulilie, paka atahama tu sehemu ya kulala, basi, hiyo ndo taarifa uliyopewa.

Usoni pia kuna kitu ukijua kuangalia. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montreal, Kanada walitoa kipimo cha maumivu cha paka kinachosoma sura tu: masikio yameachana na kulala pembeni, macho yamebanwa nusu, mdomo umekaza, ndevu zimenyooka kwenda mbele badala ya kulegea, kichwa kimeshuka chini ya mabega. Ukiona mawili matatu kati ya hayo, huyo paka hajachoka wala hajanuna, huyo anaumia.

Sasa niwape kesi moja iliyonitoa jasho.

Bibi mmoja wa Magomeni aliniletea paka jike wa kijivu, miaka kama minne, kamweka kwenye kikapu cha ukili na khanga imefungwa juu. Shida, "mwanangu, huyu anakabwa." Anainama karibu na sakafu, ananyoosha shingo mbele, anafanya khe khe khe kama anataka kutapika, hakitoki kitu, anameza mate alafu anaenda zake kulala kama hamna kilichotokea. Bibi alikuwa ameshampa tonge la ugali mkavu lishushe mwiba, akampa mafuta ya nazi, na jirani alishasema huyo paka kaona kitu asomewe. Nikafungua mdomo, hamna mwiba. Joto 38.6, sawa kabisa kwa paka maana yeye kawaida yake ni kati ya 38 na 39 na pointi kidogo (watu wanampima paka kwa kiganja wanasema ana homa, jamani, paka ni wa moto siku zote). Mapafuni nasikia kamluzi kwa mbali anapotoa pumzi. Nikajiambia hii ni minyoo ya mapafu, ipo, paka anaipata akila konokono, au mjusi na ndege waliokula konokono, na huyu bibi ana bustani. Nikampa dawa ya minyoo.

Wiki mbili baadaye bibi ananipigia kunishukuru. Paka hakohoi kabisa! Nikavimba kichwa. Nilimhadithia hadi mwenzangu wa kliniki.

Mwezi haujaisha kikohozi kimerudi na safari hii kibaya zaidi. Nikamwambia mjukuu wake kila akikohoa mrekodi video unitumie, usinihadithie, nitumie. Zikaja tatu. Nimeziangalia sana zile video, naangalia paka, naangalia mbavu zinavyoenda, sioni jipya, mpaka nilipoangalia tarehe zilipotumwa. Alhamisi jioni. Alhamisi jioni. Ijumaa asubuhi. Na kwenye ile ya tatu, kwenye kona ya chini kulia, kuna chetezo sakafuni, moshi unapanda taratibu, na paka yuko hatua moja pembeni yake.

Nikampigia. "Shikamoo bibi, udi unafukiza siku gani?" "Marahaba, usiku wa kuamkia Ijumaa, tangu nimeolewa, kwani udi unamuumiza mtu?" Nikauliza zile wiki mbili alizopona paka ulikuwa wapi. Alikuwa Tanga msibani, nyumba kamwachia mjukuu, na mjukuu wa miaka kumi na tisa hafukizi kitu. Kumbe dawa yangu ya minyoo haikuponya chochote, ni udi ulikuwa haujawashwa!

Paka ana pumu. Pumu kabisa kama ya mtu, mirija ya hewa inavimba na kubana ikikutana na kitu kinachoikera, na moshi ni adui namba moja, uwe wa udi, ubani, sigara, dawa ya mbu ya kuchoma au jiko la mkaa ndani. Yeye anaishi chini, chetezo liko chini, pua yake iko usawa wa moshi. Eksirei ilionyesha mirija imechora viduara vyeupe vyeupe mapafuni. Nikaanza na vidonge vya prednisolone vya kushusha uvimbe, alafu tukahamia pampu ya pumu ile ile ya watoto na chupa yake na kinyago kidogo, paka alipigana siku tatu ya nne akazoea. Udi haukuachwa, na wala sikuomba uachwe, nani anamwambia bibi wa Magomeni asifukize. Alhamisi jioni paka anahamia kwa jirani (yule yule wa asomewe).

Ninachotaka mkichukue hapo ni hii habari ya kukohoa, maana asilimia kubwa ya wenye paka wanaita "anatapika nywele". Akitapika nywele utaziona nywele. Akifanya khe khe na hakitoki kitu, tena mara kwa mara, hayo ni mapafu. Msubiri alale usingizi, hesabu mbavu zinavyopanda sekunde thelathini, zidisha mara mbili. Paka aliyelala anapumua kama mara 15 hadi 30 kwa dakika, ikizidi 30 siku baada ya siku nitafute, na ukimkuta anahema mdomo wazi kama mbwa na hakuwa anacheza, usiandike meseji, njoo.

Kuna nyingine ilikuwa ya fundi cherehani Temeke, paka anatapika siku ya tatu, mwenyewe kashamaliza duka la dawa. Ilichukua dakika moja. Unamfungua mdomo, kidole gumba kinasukuma kutoka chini ya taya katikati, ulimi unanyanyuka, na pale chini ya ulimi uzi mwekundu wa cherehani umezunguka umekaza, mwisho wake uko tumboni huko. Ukikuta hivyo usiuvute, wala ukitokea upande wa nyuma usiuvute, ule uzi unakata utumbo kama msumeno. Ni upasuaji. Wenye saluni za kusuka nyumbani na nyie mnanisikia, rasta paka anaipenda sana.

Hizi za kuchekesha zimeisha, sasa ile ambayo naomba mniamshe hata saa nane usiku.

Paka dume anaingia kwenye beseni la mchanga, anachuchumaa, anakaza, anatoka, baada ya dakika tano anarudi. Analia kidogo. Analamba huko chini. Mwenye paka anasema "amefunga choo", anampa mafuta ya kula, anasubiri kesho. Ndugu yangu hajafunga choo, mkojo umeziba. Mrija wa mkojo wa dume ni mwembamba mno, chengachenga za madini na ute zinajikusanya zinaziba, kibofu kinajaa mpaka ukishika tumbo unakuta kitu kigumu cha duara kama chungwa, na sumu inayotakiwa kutoka inarudi kwenye damu. Potasiamu inapanda, moyo unasimama. Siku moja hadi tatu, paka hayupo. Tukimuwahi tunampa usingizi, tunapitisha mpira wa mkojo, dripu, siku chache yuko barazani anatukana kunguru. Mwaka huu peke yake nimepokea wawili waliochelewa kwa mafuta ya kula, na mmoja alifia kwenye bajaji foleni ya Ubungo, mwenyewe amempakata.

Kwa hiyo nikiuliza anakojoa lini siulizi kwa kujaza fomu.

Na nikiuliza umempa nini, naomba ukweli, mimi si polisi. Jibu la kwanza huwa "sijampa kitu dokta". La pili, baada ya kukaa kimya kidogo, "ila jana mama alimpa kipande cha Panadol." Paka hana kimeng'enya ambacho sisi tunacho ini linapovunja parasetamoli (ndo hiyo Panadol), kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua. Damu inashindwa kubeba hewa inabadilika inakuwa ya kahawia, fizi zinageuka rangi ya udongo, uso na vikanyagio vinavimba. Dawa ya kuokoa ipo lakini inataka saa, haitaki siku. Hali ni hiyo hiyo kwa zile dawa za viroboto na kupe za mbwa zenye permethrin, mtu ana mbwa na paka, kaona chupa imebaki, kampaka na paka, jioni paka anatetemeka kama kashika umeme.

Chakula nacho nitagusia kidogo tu maana kinataka siku yake. Paka wa ugali na mchuzi anaweza kunawiri hata miaka kumbe moyo unalegea ndani, anakosa taurini, kirutubisho ambacho moyo wake unakihitaji, na iko kwenye nyama na samaki na haipo kwenye unga. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Davis walionyesha kwamba paka wenye moyo uliotanuka wakiongezewa taurini moyo unarudi, kabla ya hapo walikuwa wanakufa bila mtu kuelewa. Na kwenye huo mchuzi kuna kitunguu, kinavunja chembe za damu. Mpe dagaa, ila wapike.

Haya, yangu sasa.

Nina paka anaitwa Bi Mkubwa, ana miaka kumi na moja, alinikuta mwanafunzi. Mwaka jana mwezi wa tatu alikuwa na kilo 4.6, najua kwa sababu nilimpima siku ya chanjo. Kuanzia kama mwezi wa nane akaanza kunywa maji kwenye ndoo ya bafuni, anapanda ukingoni anainama, mara moja alidumbukia tukacheka sana, nikampiga na picha. Nikasema joto hili la Dar. Mchanga ulikuwa unalowa mabonge makubwa, nikasema si anakunywa sana. Mgongo nikiupitisha mkono nahisi pingili, nikasema uzee. Mtu mwingine angenitumia meseji yenye mambo hayo matatu ningemjibu ndani ya dakika moja, mlete, tuangalie figo. Mimi nilikaa nayo miezi mitatu nyumbani kwangu.

Mwezi wa kumi na moja nikampeleka kazini kwa sababu ya jino. Kilo 3.7. Nilidhani mzani umeharibika, nikampima tena. Karibu moja ya tano ya mwili wake imeondoka, kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni kama kilo 14, na mi nalala naye kitanda kimoja. Damu ikasema figo, na kreatinini (taka ya damu ambayo figo ndo zinatakiwa kuitoa) huwa inapanda figo zikishapoteza karibu robo tatu ya uwezo, kwa hiyo ile siku ya kudumbukia kwenye ndoo tulikuwa tunacheka ugonjwa. Presha nayo ilikuwa juu. Usiku ule nilifanya kama wateja wangu wanavyofanya, nilikaa na simu nasoma habari za figo za paka mpaka saa tisa, vitu ambavyo nafundisha watu mchana.

Figo hazirudi. Kinachofanyika ni kuzipunguzia kazi, chakula chenye fosforasi kidogo, cha kopo chenye majimaji, amlodipine kwa ajili ya presha, maji kila kona ya nyumba. Na uzito. Mzani wa watu wa bafuni hausaidii sana kwa paka, gramu mia mbili unaweza usizione, kwa hiyo kila Jumapili asubuhi nampeleka kwa Mangi, mwenye duka hapo kona, anamweka kwenye ule mzani wake wa kupimia unga, ndani ya boksi la biskuti. Mara ya kwanza alikataa, akasema wateja watasemaje. Sa hivi ndo ananikumbusha. Anaandika kwenye daftari la madeni, ukurasa una jina langu, mchele kilo mbili, sabuni, alafu chini yake Bi Mkubwa 3.7, Bi Mkubwa 3.7, Bi Mkubwa 3.8. Jumapili iliyopita 3.9, Mangi akaniambia dokta huyu anapanda, ila wewe bado hujalipa mchele.