Kadherini: umbo la protini linavyozishikanisha seli

Vuta ngozi ya mgongo wa mkono wako kwa vidole viwili, kisha iachie. Inarudi mahali pake, na seli za tabaka lake la juu hazijaachana. Ni rahisi kudhani kwamba katikati yake kumemwagwa gundi ya aina fulani. Sivyo. Kinachozishika ni protini zinazochomoza kwenye utando wa kila seli na kukutana na za seli jirani, na uwezo wao wa kushika unatokana na umbo lao. Familia zake ni kadhaa. Hapa nitakaa na moja, kadherini, kwa sababu kwake umbo na kazi vinaonekana pamoja waziwazi.

Jina lenyewe limebeba kalsiamu ndani yake. Mwaka 1977 mwanabiolojia wa Japani, Masatoshi Takeichi, alionyesha kwamba seli zina njia mbili za kushikana: moja inahitaji kalsiamu, nyingine haihitaji. Ile ya kwanza ndiyo iliyokuja kuitwa kadherini. Hadi leo, mtu wa maabara akitaka kuzitenganisha seli hutia kemikali inayonyakua kalsiamu, nazo huanza kuachana.

Kwa nini kalsiamu? Chukua kadherini-E, ile inayoshikanisha seli za ngozi na za utando wa ndani wa utumbo. Sehemu yake iliyo nje ya seli ni kama kipande cha muwa chenye pingili tano, kila pingili ikiwa na asidi amino, vipande vidogo vinavyoungana kama mnyororo kuunda protini, zipatazo 110. Kati ya pingili na pingili kuna kifundo, na katika kila kifundo hukaa ioni tatu za kalsiamu. Vifundo ni vinne, kwa hiyo ioni ni kumi na mbili. Zikiwepo, pingili zote hukakamaa na protini husimama ikiwa imepinda kidogo kama upinde, ncha yake ikielekea kwa jirani. Zikiondolewa, vifundo vinalegea, protini inayumba huku na huku, na kimeng'enya cha tripsini kinaikatakata kwa urahisi.

Kushikana kwenyewe kunafanyika kwenye pingili ya mwisho, iliyo mbali zaidi na utando. Hapo kuna asidi amino moja, triptofani, ya pili tangu mwanzo wa mnyororo. Karibu nayo kuna kishimo kidogo kinachoitosha. Kadherini mbili zinapokutana, kila moja inatoa triptofani yake na kuiingiza katika kishimo cha mwenzake. Ni kubadilishana: nikupe yangu, unipe yako. Kwangu hili ndilo jambo zuri kuliko yote katika habari hii, kwa sababu kile kishimo kinaweza pia kuipokea triptofani ya mwenye nacho. Kila protini, basi, ina chaguo la kubaki na yake, na ndiyo maana kifungo cha kadherini mbili peke yake ni dhaifu.

Udhaifu huo una faida. Seli hulazimika kuachana na kushikana upya kila siku, jeraha linapopona au mtoto anapoumbika tumboni. Nguvu hutokana na wingi. Mtepe, chombo cha kale cha pwani yetu, mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi bila misumari. Kamba moja isingefua dafu mbele ya bahari, lakini mishono yote pamoja ilihimili safari. Kadherini nazo hukusanyika kwa wingi mahali pamoja, na pingili zao hushikana pia ubavu kwa ubavu.

Ndani ya seli, mkia wa kadherini hushika protini iitwayo beta-katenini, nayo hushika alfa-katenini, ambayo hufunga kazi yote kwenye nyuzi za aktini, kiunzi cha seli. Alfa-katenini ikivutwa hufunguka na kupokea protini nyingine inayoitwa vinkulini, hivyo kiungo huongezeka uimara pale kinapovutwa.

Kadherini pia huchagua. Kwa kawaida seli zenye aina moja hukusanyika pamoja. Katika kiinitete, seli zitakazofanya ubongo na uti wa mgongo huacha kadherini-E, huanza kutengeneza kadherini-N, kisha hujitenga na zile zitakazokuwa ngozi.

Umuhimu wa umbo unaonekana vizuri kwa mtoto mwenye impetigo ya malengelenge, ugonjwa wa ngozi unaoletwa na bakteria. Bakteria Staphylococcus aureus hutoa sumu inayokata kadherini moja tu ya ngozi, desmogleini-1, kati ya pingili ya tatu na ya nne. Tabaka la juu kabisa la ngozi hutegemea hiyo, kwa hiyo ndilo linalobanduka. Chini zaidi na mdomoni ipo desmogleini-3, ambayo sumu haiigusi, na huko seli hubaki zimeshikana. Tena sumu hiyo huitambua desmogleini-1 kwa umbo lake: kalsiamu ikiondolewa vifundoni, umbo huharibika na sumu hushindwa kuikata.