Mtu wa kwenye simu na mtu wa stendi ya Kange

Kati ya wanaotujia hapa Tanga kutaka ushauri wa mapenzi ya mtandaoni, wapo waliotapeliwa. Wapo pia ambao hawakudanganywa hata neno moja, na bado wanalalamika: "Huyu siye yule niliyekuwa nachati naye."

Tuchukue mfano. Binti wa Ngamiani amechati miezi minane na kijana wa Mwanza. Usiku kijana ni mcheshi, mpole, hasahau kumuulizia mama. Siku anaposhuka Kange, anaangalia chini, chai inapoa mbele yake, maneno hayatoki. Picha zilikuwa zake, jina lake, kazi ni ile ile. Kumetokea nini?

Mwaka 1996 mtafiti Mmarekani Joseph Walther alilieleza jambo hili. Anayeandika ana nafasi ya kufuta, kupanga upya na kutuma akiwa tayari. Hilo kila mtu analijua. Zito zaidi liko kwa anayesoma. Meseji haina sauti wala uso, wala haionyeshi mtu anavyomjibu muuza chai. Mapengo hayo msomaji huyaziba mwenyewe, na akishapenda huyaziba kwa anachokitamani. Binti yetu alipewa nusu ya mtu. Nusu ya pili aliisuka mwenyewe. Kijana naye, kila aliposifiwa upole, alizidi kuandika kipole.

Uongo wa makusudi je? Mwaka 2008, watafiti Toma, Hancock na Ellison walitoa matokeo ya kuwapima watu 80 wa New York waliokuwa wakitafuta wachumba mtandaoni. Takriban 8 kati ya 10 walikuwa wamepotosha urefu, uzito au umri wao, lakini wengi kwa kiasi kidogo tu. Anayejua ataonwa hujichunga. Kwa hiyo mimi simwogopi sana aliyejiongezea sentimita mbili; namwogopa anayeahirisha kuonana kila mara.

Wala mtu wa mtandaoni si lazima awe wa bandia. Mwanasaikolojia John Suler aliandika mwaka 2004 kwamba mtu asipotazamwa, haya humlegea: mmoja hufungua moyo, mwingine hutukana. Huenda kijana wa Mwanza ni mcheshi kweli, ila macho ya watu humfunga ulimi. Asihukumiwe kwa chai moja.

Zamani kabla ya posa kujibiwa, wazee walituma mtu kupeleleza: anaishije na majirani, ana madeni dukani? Hizo zilikuwa habari asizoweza kuzipamba mwenyewe (ingawa mpelelezi naye aliweza kulainishwa kwa soda). Kwenye simu, mtu ndiye shahidi wa nafsi yake. Basi mpigie simu ya video bila miadi. Zungumza na ndugu yake. Onaneni baada ya wiki chache, mchana, penye watu, na nyumbani wajue uliko. Akiomba pesa kabla ya hapo, usitume. Akitumia jina au picha za mwingine, nenda polisi: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kujifanya mtu mwingine.

Na mkionana, msikae mezani mkitazamana kama mko kwenye usaili. Pandeni bajaji hadi Soko la Mgandini, mnunue samaki, kila mmoja amwone mwenzake anavyopatana bei, na anavyosema akipunjwa chenji.